Gesi sawa, lakini seredani msiitupe

Ramadhani iliyopita, tushaingia kumi la kati, saa kumi na nusu jioni gesi ikatuishia. Muhogo uko jikoni, tui la kwanza halijatiwa bado, nikashika mtungi mtupu wa kilo 6 nikatoka mbio, duka la kwanza hamna, la pili hamna, la tatu kijana ananambia gari haijafika tangu jana labda kesho. Nlivyorudi nikamkuta bi mkubwa wa nyumba ya pili keshatoa seredani yake, lile jiko la makaa, barazani, kapanga vifuu vya nazi chini, makaa juu, anapepea kwa kipepeo cha ukindu wala hasemi neno. Adhana ilipoadhiniwa muhogo ulikuwa umeshapakuliwa.

Nalileta hili kwa sababu wiki tatu zilopita tulikuwa na kikao shehiani kwetu, akaja kijana mmoja wa mradi akasimama mbele ya kina mama akasema wazi kabisa kwamba seredani ndo adui wa misitu yetu, kila nyumba iitoe. Mzee mmoja akanyanyuka akamjibu kwamba hayo ni maneno ya wenye pesa, siye tumelelewa na makaa na hatukufa. Wote wawili walipigiwa makofi, na mie nikarudi nyumbani sikubaliani na hata mmoja wao, nikaona bora nilieleze kwa kirefu mana hili jambo linatugusa kila siku, mara tatu kwa siku.

Kijana yule kwenye moshi alikuwa na haki kabisa. Mama yangu yuko Wete, kwetu Pemba, kapikia kuni na makaa zaidi ya miaka 40, kikohozi chake cha alfajiri tukikisikia tangu tuko wadogo tukadhani ndo sauti yake tu alivyo. Tulipomnunulia jiko la gesi miaka miwili nyuma kile kikohozi kikapungua, hakikwisha ila kimepungua, na macho hayamtoki machozi kama zamani. Shirika la Afya Duniani linakisia moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wengi wanaovuta moshi huo ni mama zetu na watoto waliobebwa mgongoni. Kwa hiyo mtu akinambia "hatukufa" mie namuuliza, una hakika? Wangapi tuliwazika tukasema ni kifua tu?

Na miti nayo. Makaa yetu yanachomwa kwa tanuri za kufukia udongo, na kilo moja ya makaa inakula kilo 5 za mti au zaidi, nyingi inapotea moshi pale pale. Sehemu ya makaa inavuka na vyombo kutoka bara, nyingine inakatwa hapa hapa, na wachomaji wanapenda sana mkandaa na mkoko kwa sababu mti wake mzito, makaa yake yanakaa moto. Waloijua Kisakasaka, huku kusini ya mji wa Unguja, wanajua mikoko ya pale ilivyokatwa kuni na makaa mpaka ikafika pabaya. Pemba bado tuna mikoko mingi kuliko Unguja lakini nenda Micheweni au zungukia ghuba za upande wa magharibi utaona visiki. Mkoko ukishaondoka kaa wanaondoka, kamba wanaondoka, samaki wadogo hawana pa kujificha, alaf bahari inaanza kuja yenyewe mpaka kwenye mabonde ya mpunga, na mpunga ukishaingiliwa na maji ya chumvi ndo basi, mkulima anaangalia tu.

(Kupanda tena ni jambo jema sana na kina mama wa vijiji vingi wanalifanya kwa jasho lao, ila tusidanganyane, mikoko inayopandwa pahala ambapo haijawahi kuota yenyewe mara nyingi inakufa. Usikate kwanza, ndo njia rahisi.)

Sasa yule mzee. Watu walimcheka baada ya kikao lakini mie nadhani alishika kitu ambacho kijana hakukiona. Hii gesi ya mtungi wengi wanadhani ndo ile ya Mtwara na Songosongo, sio. Ile ni gesi nyengine, kazi yake kubwa ni kuzalisha umeme na viwanda, haingii kwenye huu mtungi wako wa jikoni. Ya mtungi inaletwa kwa meli kutoka nje ya nchi, ikifika bara inavushwa tena kuja kwetu. Maana yake chungu cha Pemba kinategemea meli ya mbali, bandari ya bara, chombo cha kuvukia, gari, na kijana wa dukani, na ikikwama pahala pamoja tu umekwama wewe na muhogo wako. Bei nayo ikipanda huko inapanda hapa bila ya kuulizwa mtu. Na makaa mtu anaweza kununua ya kopo moja leo akapika akala, gesi hununui ya kopo, inakubidi uwe na pesa ya mtungi mzima kwa pamoja, na mama anayepata kwa siku anakula kwa siku hiyo pesa ya pamoja hana. Huyo ukimwambia atoe seredani unamwambia alale na njaa.

Hapa ndo nakumbuka ule umeme. Waliokuwepo Unguja hawatosahau, Mei 2008 ukakatika karibu mwezi mzima, tukasema limepita, Disemba 2009 ukakatika tena na haukurudi mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Tulikuwa tunategemea waya mmoja wa baharini kutoka Ras Kiromoni kuja Fumba, ulowekwa mwaka 1980, ukaharibika na hakukuwa na wa pili. Maji ya mfereji yakakatika nayo kwa sababu pampu zinaendeshwa na umeme. Mie nlikuwa nakaa Ng'ambo, hapa hapa mjini Unguja, wakati ule, na kitu kilichotuokoa mtaani petu ni kisima cha zamani nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, alikuwa keshakifunika kwa bati miaka akiweka kuni juu yake, akaliondoa lile bati, akafunga kamba mpya na ndoo, na kila alfajiri kuna foleni ya madumu kuanzia mlangoni kwake mpaka barabarani, watoto wa skuli wanachota kwanza, alaf wazee, alaf siye wengine. Hakumtoza mtu hata senti. Wenye pesa walikuwa na jenereta lakini jenereta inataka petroli kila siku, na wapo waliochoka wakaja na dumu lao pale kisimani kama sisi.

Na kitu ambacho watu hawakisemi, Pemba miezi ile umeme ulikuwepo. Kisiwa ambacho kila mtu anakiona kiko nyuma kilikuwa na taa kwa sababu kilikuwa kinatumia majenereta yake ya dizeli Wesha, ya gharama, ya kelele, lakini yake. Mwaka huo huo wa 2010 na Pemba ikaungwa kwa waya kutoka Tanga, na mwaka 2013 Unguja ikapata waya mpya mkubwa zaidi, alhamdulillah mambo ni bora sana leo na sitaki mtu aelewe kama nalilia majenereta. Nasema tu kwamba njia moja, hata iwe nzuri vipi, ikikatika umebaki mikono mitupu.

Ndo maana mie nasimama hapa: gesi kwa kupikia kila siku, ndiyo, bila ya ubishi, na mwenye umeme wa uhakika basi lile jiko la umeme la presha ni zuri zaidi mana maharage yanawiva na yuniti moja haijesha, lakini seredani ibaki uvunguni, imefutwa vumbi, na pembeni yake kuna kigunia cha vifuu na makumbi ambavyo tunavitupa kila siku tukikuna nazi. Vifuu havikatiwi mti. Nyumba inayotumia seredani mara tatu kwa mwezi haimalizi mkandaa, anayemaliza ni wa kila siku, na huyo wa kila siku ndo wa kusaidiwa apate mtungi wa kwanza na apate kujaza kidogo kidogo, sio wa kusimamishwa kikaoni akaaibishwa mbele ya wenzake.

Lakini pia tuambiane ukweli kuhusu nani anabebeshwa mzigo. Mwaka 2024 Serikali ya Muungano ilizindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya watu kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, ni lengo zuri naliunga mkono. Ila mwaka huo huo visiwa vyetu vilipokea wageni zaidi ya 700,000, na kila hoteli mpya inataka boriti, inataka chokaa, na chokaa inachomwa kwa tanuri la magogo yanayowaka siku nzima na usiku wake. Tanuri moja la chokaa linakula miti ambayo mama wa seredani haimalizi kwa miaka. Wapo watakaosema hoteli zinaleta ajira, kweli zinaleta, na ndugu zangu wawili wanakula kwa hoteli. Hilo halizuii kuuliza kwa nini kikao cha kuacha kukata miti kinaitiwa kina mama wa shehia na hakiitiwi wenye matanuri.

Nlimwambia yule kijana haya baada ya kikao, kwa heshima, na alinisikiliza vizuri, akasema yeye katumwa na mada moja tu. Nikamwambia basi wapelekee waliokutuma, na ongeza moja, waulize kila shehia ina visima vingapi vinavyotoka maji na vingapi vimefukiwa. Akaandika kwenye daftari lake.

Mie huku nimeanza na chetu. Kile kisima cha 2010 bado kipo, mzee keshatangulia mbele ya haki na nyumba ina watoto wake, bati limerudi pale pale na juu yake kuna matofali. Nimekwenda Ijumaa baada ya sala nikazungumza na mtoto mkubwa, akaniambia hana tatizo kukifungua lakini mdomo umebomoka upande, anaogopa watoto wasije wakatumbukia. Tumekubaliana mfuniko wa zege wenye kufuli, ufunguo mmoja kwake na mmoja kwa sheha, na fundi keshakuja kupima. Nyumba 14 zimeshatoa mchango, zimebaki 6, na bi mkubwa wa seredani ndo anayepita kukusanya.