Mende hakunipanda, alinirukia

Sawa jamani, najua voisi ya mshkaji wangu, ile anayosema mende alinipanda kwenye sherehe ya mjomba, imeshafika kila grupu, kwa hiyo ngoja niseme mwenyewe. Kwanza mende HAKUNIPANDA. Alinirukia. Ni vitu viwili tofauti.

Mnaonifuatilia mnajua miezi mitatu nimehangaika kutengeneza mfano mdogo wa stendi ya daladala ya Mbagala Rangi Tatu, skeli ya 1:72 (yaani kila kitu kimepunguzwa mara 72), zawadi ya mjomba kustaafu udereva wa daladala. Lami ni msasa, vioo vya magari nimekata kwenye pakiti za vidonge, konda ana milimita 24 tu na bado ananing'inia mlangoni. Maembe ya mama muuza maembe pale stendi ni punje za ulezi nimezipaka rangi. Sasa vumbi. Mchanga wa kawaida kwenye saizi hiyo unaonekana mawe, mi nikajiona mjanja, nikakaanga sembe mpaka ikawa kahawia nikaibandika kwa gundi ya uji wa ngano. Yaani nimepika kabisa. Msicheke bado.

Usiku wa sherehe taa zikazimwa, zile za ndani ya daladala zikawaka. Mjomba kavaa miwani, kainama mpaka pua inataka kugusa paa la gari. Kimya. Chini ya daladala zikatokeza sharubu mbili. Zikapapasa kushoto. Zikapapasa kulia, taratibu, kama mtu anayetafuta nauli mfukoni. Mjomba akatabasamu, "We, umeweka na mota?"

Nikasema ndiyo mjomba.

Sijui kwa nini, alikuwa na furaha jamani!

Akatoka mzima mzima. Mende wa sentimita nne kwenye 1:72 ni mnyama wa karibu mita tatu, pigeni hesabu, anakatiza stendi hana haraka na mtu, kamgusa konda, konda chali, kafika kwa mama wa maembe kaanza kula. Mjomba: "Na huyu mbona anakula bila kulipa?" Na mimi bado nimekomaa tu, "Ndo teknolojia hiyo mjomba."

Hapo ndo akafungua mabawa.

Sauti niliyotoa hatuijadili. Shangazi kavua kandambili, paa! Daladala mbili, kijiwe cha bodaboda, keki nusu. Mende mzima. Tukala pilau.

Mjomba kaichukua hivyo hivyo kaiweka juu ya friji kwake. Jana usiku kapiga simu, "Mpwa wangu, mota zimekuwa mbili."