Betri moja, nyumba tatu

Betri yangu ni mwanamume wa wake watatu, na mimi ndiye ninayempangia zamu. Ni BL-5C, ile ndogo ya Nokia 1100 iliyotoka 2003. Mchana inakaa kwenye simu. Jioni naichomoa naitia kwenye redio, maana Wachina walioiunda redio yangu nao waliona hakuna betri kama hiyo. Umeme ukikatika, na huku Katuba haukatiki, unahama kabisa, mama watoto anainyakua ya tochi, asonge bukari akiona sufuria. Kwa hiyo ukinipigia wakati wa habari hunipati. Shemeji aliye Kolwezi amenuna, anadhani namkwepa kwa sababu ya deni. Kweli namkwepa, lakini hilo jambo lingine.

Juzi ikavimba. Mfuniko ukagoma, nikaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli hadi soko la Kenya (Kenya yetu ya Lubumbashi, haitaki pasipoti). Fundi akailaza mezani, akaisukuma kwa kidole. Ikazunguka kama pia.

"Mukubwa, batri muzima haizungukake. Iyi iko na mimba."

Akaniuzia nyingine imeandikwa 5000, ndicho kipimo cha chaji inayobeba. Ile ya Nokia yenyewe, enzi za heshima, ilikuwa 1020 tu! Hii nyepesi kama biskuti. Nikaichaji usiku kucha. Asubuhi nikasema "Alo", wa upande wa pili akasema "Alo", ikazima. Nikadhani labda 5000 ni bei, lakini nililipa 7000.

Mama mkwe akanihurumia. "Baba, kobalti si njo banatiaka mu batri? Na mutoto wangu si anachimbaka kule Kolwezi? Umupigie, atume kidogo, fundi aongezee."

Nimpigie nani, mwenye deni lake? Nikamweleza Mama kwamba kobalti hairudi nyumbani, inapakiwa kwenye malori, inavuka mpaka wa Kasumbalesa, inakuwa betri huko mbali. Akanitazama kama niliyeyafungulia malori mpaka.

Ile yenye mimba fundi alinikataza kuitoboa. Iko nje juu ya ukuta, mbali na watoto. Hii ya 5000 nimeiozesha kwa redio. Inafika kwenye vichwa vya habari tu, kisha kimya. Siku hizi najua kila kilichoanza duniani, sijui hata kimoja kiliishaje.