Saa ya milioni ishirini na tatu: kwa wakala rasmi au kwa watu?

Shemeji yangu wa Mafinga, wilayani Mufindi, aliuza shamba lake la misonobari mwaka jana. Miche aliipanda kwa mkono wake, akapalilia, akalima njia za kuzuia moto kila kiangazi, na baada ya miaka kumi na mitano mnunuzi akaja na malori. Ada za watoto zimelipwa, nyumba imeezekwa upya, shamba jingine limeshapandwa. Kilichobaki anataka kununulia saa moja ya Uswisi, mpya, aivae mpaka atakapomkabidhi mwanaye wa kwanza. Akanipigia simu: "Shemeji, niende kwa wakala rasmi au nichukue kwa watu? Maana kwa watu naona ni rahisi."

Wapo watakaosema fedha hiyo inanunua bodaboda saba. Ni kweli, ila silo swali aliloniuliza, na mtu aliyeusubiri mti miaka kumi na mitano hana haja ya kufundishwa matumizi ya pesa yake. Nimelichukua swali kama lilivyo.

Wakala rasmi ni duka lenye mkataba na kiwanda. Linapokea saa moja kwa moja, linauza kwa bei iliyopangwa na kiwanda, na ndilo linalojaza kadi ya waranti. Kwa saa za daraja la Rolex au Omega, duka la namna hiyo huku kwetu hakuna, si Mbeya, si Iringa, si Njombe. Kwa hiyo mtu wa Nyanda za Juu Kusini anayetaka wakala rasmi amekubali na safari. Na tunaposema "kwa watu" tunachanganya makundi matatu: mfanyabiashara anayeuza saa halisi bila mkataba na kiwanda, mtu anayeuza saa yake aliyokwisha kuivaa, na tapeli. Ugumu wote uko hapo, kwa sababu watatu hao wanaweza kukaa mtaa mmoja na kuzungumza lugha moja.

Mwezi wa sita, kwenye ile baridi ya Mbeya inayokaza vidole, nilikaa kwa fundi wangu wa saa karibu na soko la Mwanjelwa. Kijana mmoja alileta "Rolex" aliyoinunua Tunduma. Kabla hata ya kuifungua, fundi alimwonyesha mshale wa sekunde ukiruka mara moja kila sekunde, halafu akafungua mgongo na betri ikaonekana. Hiyo ni feki ya kitoto, maana Rolex za sasa hazitumii betri na mshale wake huteleza. Kijana alipoondoka, fundi alivuta droo akatoa nyingine. Ilikuwa nzito, maandishi yake makali, mshale ukiteleza bila kuruka. Aliivalia kioo cha jichoni, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanyamaza kwa muda mrefu. Gurudumu dogo la ndani lilikuwa likicheza vizuri kabisa. "Hii," akasema, "kama nisingeilinganisha na ya kweli, hata mimi ingenipiga." Feki za sasa zina mashine ya kweli, inayopiga mara 28,800 katika kila dakika sitini, sawa na saa nyingi za Uswisi, na zinakuja na boksi pamoja na kadi yake.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa wakala rasmi. Macho yetu hayatoshi tena. Fundi mwenye uzoefu wa miaka mingi akisita, mimi na shemeji tutasemaje? Ile tofauti ya bei unayomwachia wakala, unalipia uhakika kwamba saa imetoka kiwandani ikafika mkononi mwako bila kupita kwa mtu mwingine.

Hoja ya pili ni waranti, na hapa sikubaliani na wanaoisifia sana. Rolex wanatoa miaka mitano kwa saa zilizouzwa tangu Julai 2015, na Omega nao wamefika mitano tangu mwaka 2018. Miaka hiyo inahesabiwa kuanzia tarehe aliyoijaza wakala, ndiyo maana saa ya mtaani inaweza kuwa mpya kabisa huku waranti yake imeshaliwa miezi minane. Wengine wanakupa "waranti ya duka", yaani ahadi ya mwenye duka, na duka likifungwa nayo imekwisha. Hayo yote ni kweli. Lakini tuulizane: waranti hiyo inamfikiaje mtu wa Mafinga? Inafidia kasoro ya kiwandani tu. Saa ikianguka kwenye sakafu ya mashine ya kupasua mbao haihusiki, wala maji yakiingia kwa sababu uliacha taji, kile kitufe cha pembeni cha kujazia saa, bila kulikaza. Na ikitokea kasoro ya kweli, kuna kuipeleka mpaka inakotengenezwa, na kukaa miezi bila saa. Rolex wenyewe wanapendekeza sevisi kila baada ya miaka kumi hivi, hivyo sevisi ya kwanza itakukuta waranti imekwisha siku nyingi, na utalipa mamia ya dola kutoka mfukoni. Waranti ni nzuri kuwa nayo, ila kwa mtu wa huku isimpe sababu ya kuongeza mamilioni.

Halafu kuna jambo linaloniudhi. Shemeji alipokwenda nje kufuata mashine, aliingia duka moja rasmi akiwa na fedha yake halali. Alitaka saa ya chuma ya kuzamia, ya kawaida, isiyo na dhahabu wala almasi. Ilikuwepo kabatini. Akaambiwa ile ni ya maonyesho, haiuzwi. Aandike jina. Muuzaji akamweleza kwa adabu kwamba wanaofikiriwa kwanza ni wateja wenye historia ya kununua pale, na akaanza kumwonyesha mikufu. Mtu aliyetoka Mufindi ataijengaje historia hiyo? Anunue mikufu asiyoitaka ili auziwe saa anayoitaka? Huo si uungwana wa biashara, na hauwi uungwana kwa kuwa umesemwa kwa sauti ya upole.

Wachambuzi wanakadiria kwamba Rolex inatengeneza zaidi ya saa milioni moja kwa mwaka, na bado zile za chuma zinazotafutwa hazipatikani kirahisi. Submariner, ile Rolex ya kuzamia, isiyo na tarehe ilikuwa dola 9,100 Marekani mwaka 2024 kabla ya kodi, kama shilingi milioni 23 kwa viwango vya wakati ule. Kwa wakala hiyo ndiyo ilikuwa bei, ila saa haikuwepo. Mtaani ilikuwepo, kwa bei ya juu zaidi. Mwanzoni mwa 2022 Daytona ya chuma, aina nyingine ya Rolex, ilikuwa ikiuzwa mtaani zaidi ya mara mbili ya bei ya kiwanda, kisha soko likashuka na waliokuwa wamenunua kileleni wakabaki na hasara. Sasa geukia Omega, Breitling, TAG Heuer, Longines. Hizo kwa wakala zimejaa, na aina nyingi utazikuta kwa watu kwa punguzo la asilimia 20 au zaidi. Kwa hiyo wakala anauza rahisi kile asichokuwa nacho, na anauza ghali kile kilichojaa kabatini.

Ndiyo maana siwezi kusema "nenda kwa wakala" nikaishia hapo. Mtu anayetaka Seiko, saa ya Kijapani ya bei nafuu, asafiri kutafuta wakala wa nini? Fundi wangu anasema Seiko 5 anaifungua amefumba macho, na ukipigwa hasara yake unaibeba. Anayetaka Omega na anamjua muuzaji aliyekwisha kuwahudumia watu anaowaamini, punguzo la mtaani ni fedha halisi. Ipo na njia ya kati: tangu Desemba 2022 Rolex wana mpango wa saa zilizotumika zinazokaguliwa na kiwanda na kuuzwa na mawakala, zikiwa na waranti ya miaka miwili. Ni ghali kuliko za mtaani, lakini uhakika upo.

Kwa shemeji nimeegemea wakala, na kilichonisukuma ni mtoto wake. Saa hii haitauzwa, itarithiwa. Miaka thelathini ijayo kijana atakuwa na risiti yenye jina la baba yake, kadi yenye tarehe, na karatasi ya forodha. Ndiyo, forodha. Wapo waliomshauri aivae mkononi apite kimya uwanja wa ndege. Mimi nimemwambia alipe ushuru na VAT, aingize gharama hiyo kwenye hesabu kabla ya kuondoka nyumbani, maana urithi wenye karatasi nusu unamwachia mtoto maswali. Nimemwambia pia aachane na ile orodha ya kusubiri. Achague saa iliyopo kabatini, aombe punguzo bila aibu kwa sababu kwa chapa nyingi mawakala hupunguza, asimame palepale wakati kadi inajazwa, na mkanda upunguzwe vipande akiwa ameivaa.

Amekubali yote isipokuwa la kuomba punguzo. Anasema kwenye mbao anapatana kila siku, lakini mbele ya wale wenye suti ulimi unakuwa mzito. Nitamsindikiza, Februari, miche mipya ikishashika. Kwa sasa anavaa Seiko 5 ya marehemu baba yake, kioo kimekwaruzika, inachelewa dakika nne kwa siku. Jumamosi aliileta Mwanjelwa. Fundi aliifungua, akaipuliza, akasema haina ugonjwa, imekaukiwa mafuta tu.