Ukiona anakoroma, nenda naye kwa daktari

Kwetu mkoromaji huchekwa asubuhi, chai ikiisha na habari imeisha. Wengine wanasema amelala usingizi mnono. Mimi nasema upo mkoromo wa kupelekwa hospitali, na aende na anayelala naye chumba kimoja, maana mwenyewe hajui lolote.

Ugonjwa wenyewe ni kukatika pumzi usingizini (sleep apnea). Ni hivi: mtu anakoroma kwa nguvu, ghafla kimya. Kifua kinahangaika kupanda na kushuka lakini hewa haipiti, koo limelegea na kujiziba. Sekunde 10, 20, hata 30. Kisha anashtuka kwa kishindo kama aliyeibuka majini, anageuka, anaendelea. Kuanzia mara 5 kwa saa wataalamu hulihesabu kuwa tatizo. Ikifika 30, ni kali. Yaani kila baada ya dakika 2 mtu anakabwa na koo lake, halafu akisinzia kazini tunamwita mvivu.

Nina ugomvi na kliniki zetu za presha. Mgonjwa yuko kwenye dawa tatu, presha haishuki, anaongezewa ya nne, na hakuna aliyemuuliza analalaje wala kama huamka kichwa kikimuuma. Na hali hii inajulikana kuwa miongoni mwa sababu za presha sugu! Kuuliza ni bure. Futi ya fundi cherehani inatosha kupima shingo. Ikizidi sentimita 40, shuku. Mke naye arekodi kwa simu, daktari asikie. Kuthibitisha ndiko kunakotaka kulala na vifaa vinavyofuatilia pumzi, mapigo ya moyo na oksijeni ya damu, siku hizi hata nyumbani.

Tiba kuu ni mashine ya CPAP, aliyoibuni daktari Colin Sullivan kule Sydney, Australia, mwaka 1980. Haitoi oksijeni, inapuliza hewa hii hii ya kawaida kwa nguvu kiasi, koo lisijifunge. Ni ghali, inataka umeme, na barakoa yake inakera. Wengi huishia kuifungia kabatini. Badilisha barakoa kwanza kabla hujaikatia tamaa mashine. Wengine husaidiwa na kifaa cha mdomoni kinachovuta taya mbele, kulala ubavu, kupunguza uzito au kuacha pombe za jioni. Dawa za kupulizia zinazotangazwa mitandaoni sina imani nazo.

Wembamba nao wasijione wamesalimika. Taya dogo linatosha. Na mtoto anayekoroma kila usiku mdomo wazi, darasani hatulii, mara nyingi ana mafindofindo au nyama za pua zilizokua. Kwa wengi, kuziondoa humaliza kazi.

Wanaonitia hofu zaidi ni madereva wa malori na mabasi ya usiku. Tunawapima macho, usingizi hatuuulizi. Dereva atadanganya, anaogopa kunyang'anywa leseni, kwa hiyo aambiwe mapema kwamba akitibiwa vizuri atarudi barabarani, na fomu ya kupimwa afya iwe na nafasi ya mkewe kujibu.