Akina Spencer: damu ya makabaila au sufi ya kondoo?

Wengi wetu tunalijua jina la Spencer kwa sababu ya Diana, aliyekuwa mke wa Charles, mfalme wa sasa wa Uingereza. Kwa muda mrefu ukoo wake ulijinasibu na akina Despenser, makabaila wa zama za kati. Mashuhuri kati yao ni Hugh na mwanawe Hugh, wandani wa Mfalme Edward wa Pili, waliouawa mwaka 1326. Je, dai hilo lina ukweli? Mimi naona ni la kughushi, ila wanaolitetea nao wana hoja za kusikilizwa.

Yanayojulikana kwa hakika ni haya. John Spencer alikuwa mfugaji wa kondoo wa Warwickshire. Mwaka 1506 alinunua Wormleighton, na mwaka 1508 akanunua Althorp, Northamptonshire, ambako kizazi chake kipo mpaka leo. Fedha zilitokana na mifugo. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1504, alikuwa amepewa nembo ya ukoo: ngao ya samawati, mkanda wa manyoya meupe yenye madoadoa meusi ukiikata katikati, na vichwa sita vya ndege wa baharini. Humo hamna hata alama moja ya Despenser.

Ilipofika mwaka 1595, Richard Lee, ofisa wa nembo mwenye cheo cha Clarenceux, aliwaandalia akina Spencer nasaba inayowafikisha kwa Despenser. Ndege wakaachwa. Ngao ikawa na robo nne, nyeupe na nyekundu, zile nyekundu zikiwa na wavu wa dhahabu, na juu ya zote mkanda mweusi wa mshazari. Hiyo ni nembo ya Despenser yenyewe, isipokuwa kombe za baharini tatu nyeupe zilizoongezwa juu ya mkanda. Kwangu mimi hapa ndipo dai linapokwama: kama John alijijua kuwa mzao wa watu wakubwa hivyo, kwa nini alikubali nembo mpya kabisa?

Watetezi hujibu kwamba nasaba ya mtu wa kawaida wa wakati ule ni ngumu kuifuatilia. Makanisa ya Uingereza yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi mwaka 1538 tu. Tawi dogo la ukoo mkubwa liliweza kushuka hadi kwenye ufugaji bila kuacha karatasi, hasa baada ya vigogo wake kuuawa kwa uhaini. Ni kweli. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba jambo linawezekana, basi. Jina lenyewe lilitokana na kazi ya mtunza ghala la chakula katika nyumba za wakubwa, kwa hiyo akina Spencer wasiohusiana kabisa walijaa kote nchini. Mwanahistoria J. Horace Round aliichambua nasaba ya Lee mwaka 1901 na kuonyesha kwamba ilishonwa kwa kuunganisha watu wa jina hilo waliokutwa katika kumbukumbu mbalimbali.

Hata hivyo siwezi kuutupia ukoo lawama zote. Maofisa wa nembo waliishi kwa ada za wateja, na tajiri mpya alitarajiwa kuwa na mababu. Huenda akina Spencer waliamini kwa nia njema walichoandikiwa na ofisa wa serikali.

Kuna kisa cha mwaka 1621 ninachokipenda sana. Robert Spencer, aliyefanywa lodi mwaka 1603, alikuwa akizungumzia matendo ya wahenga katika Baraza la Malodi. Earl wa Arundel akamkatiza kwamba mambo hayo yalipokuwa yakitendeka, mababu wa Spencer walikuwa wakichunga kondoo. Inasimuliwa kwamba Spencer alijibu papo hapo: wangu walipokuwa wakichunga kondoo, wako walikuwa wakipanga uhaini. Babu yake Arundel alikuwa amenyongwa? Hapana, alikatwa kichwa, mwaka 1572. Arundel akakataa kuomba radhi, akapelekwa kifungoni katika Mnara wa London. Nasaba ya Lee ilikuwa na miaka 26 tayari, lakini Spencer hakuitumia. Aliwakubali wachungaji mbele ya malodi wote, na jibu lake likawa na nguvu kwa sababu hiyo.

Lakini tusiipambe kupita kiasi nasaba hiyo ya wachungaji. Kabla John Spencer hajainunua Wormleighton, mwenye ardhi aliyemtangulia, William Cope, alikuwa amewaondoa wakulima ili mashamba yawe malisho. Serikali ilipoanzisha uchunguzi wa uhamishaji wa aina hiyo mwaka 1517, Spencer alilazimika kujitetea, akataja alichokijenga na kukipanda hapo. Alinunua kijiji ambacho tayari kilikuwa kimebomolewa, kwa hiyo kosa la kwanza si lake. Faida ya malisho hayo, hata hivyo, aliipata yeye, na ndiyo iliyochangia kuwainua wajukuu wake hadi kwenye baraza lile. Mtafiti wa ukoo huu angefanya kazi kubwa zaidi akiwatafuta wakulima waliohamishwa Wormleighton kuliko akiendelea kuwatafuta akina Despenser.