Tuombe pesa za maji, miche tunayo

Ukikaa Marekani muda wa kutosha unagundua kwamba hawa nao wanatembeza bakuli. Mji ninaoishi hapa Ohio, mji wa kawaida tu wenye zimamoto yake, maktaba yake na barabara zenye viraka, unaomba ruzuku ili upande miti ya asili. Afisa miti wa mji anakaa na kuandika andiko la mradi kama anavyoandika afisa maliasili wa halmashauri yoyote kwetu: lengo kuu, malengo mahususi, wanufaika, bajeti, ufuatiliaji na tathmini. Hata lugha ya kumbembeleza mfadhili ni ileile. Nilicheka peke yangu.

Nyaraka za baraza la mji huku ziko wazi, unapakua na kusoma, kwa hiyo nililisoma andiko lote. Hapo ndipo kicheko kilipokata. Fedha ya kununua miti ni ndogo kuliko nilivyodhani. Kubwa ni ya kumwagilia, ya kupogoa, na ya kumlipa mtu arudi kuhesabu ipi imeshika na ipi imekufa, kisha iliyokufa ibadilishwe. Yaani bajeti imeegemea mwaka wa pili na wa tatu. Kwetu Dodoma hela ya miti ikipatikana, sehemu kubwa inaishia siku ya uzinduzi: turubai, viti, spika, fulana, maji ya chupa kwa wageni. Mche wenyewe unapewa ndoo moja ya maji mbele ya kamera, basi.

Hoja yangu ni hiyo tu, na nitaizungukia.

Kwanza tuwaelewe hawa Wamarekani, maana hawakuzaliwa na akili hii. Wamefundishwa na vifo. Barabara zao zamani zilikuwa na miti ya elm pande zote mbili, matawi yanakutana juu. Mwaka 1930 ugonjwa wa ukungu ulioingia na magogo kutoka Ulaya ukagunduliwa hapahapa Ohio, na miongo iliyofuata elm zikaisha mtaa kwa mtaa. Wakajaza mapengo kwa mti mwingine unaoitwa ash, nao mtaa mzima aina moja. Mwaka 2002 akagunduliwa karibu na Detroit mdudu mdogo wa kijani anayeng'aa, asili yake Asia ya Mashariki, ambaye funza wake hula chini ya gome mpaka mti unashindwa kupandisha maji. Mwaka uliofuata alikuwa Ohio. Ash zilizokufa tangu hapo zinahesabiwa kwa mamilioni, na miji ikatumia hela nyingi kuzikata tu kabla hazijaangukia magari ya watu.

Wapenzi wa miti ya asili huruka jambo moja hapa: elm ilikuwa ya asili, na ash ilikuwa ya asili. Uasili peke yake haukuziokoa. Kilichowaponza ni kupanda aina moja kilomita nzima. Ndiyo maana andiko la mji wetu lina orodha ndefu: mialoni ya aina kadhaa, redbud, tulip, buckeye ambao ndio mti wa jimbo, na mingine ambayo majina yake nayatamka vibaya mpaka leo.

Kisha kuna kisa cha pea ya Callery, mti wa mapambo kutoka China. Ulipandwa kila mahali kwa sababu ni rahisi, unakua haraka na unachanua mweupe pee majira ya kuchipua. Maua yake yananuka kama samaki aliyeoza, sitanii. Msimu ule unapita barabarani umeziba pua. Ndege wakala vitunda wakasambaza mbegu, ukavamia mashamba na kingo za barabara kuu, na porini unaota na miiba inayotoboa matairi ya trekta. Tangu Januari 2023 ni marufuku kuuza au kupanda pea hiyo Ohio, jimbo la kwanza kuipiga marufuku.

Na sababu ya kuhangaikia miti ya kwao si mapenzi ya uzalendo. Doug Tallamy, profesa wa Chuo Kikuu cha Delaware, ameonyesha kwamba kindege kimoja kinachoitwa chickadee, kidogo kuliko shomoro, kinahitaji viwavi 6,000 hadi 9,000 kulea kiota kimoja cha makinda. Mialoni ya huku inalisha aina mamia za viwavi. Mti mgeni haulishi karibu chochote, kwa sababu wadudu wa hapa hawajajifunza kuula. Unapata kivuli, hupati ndege.

Hela inatoka wapi? Mwaka 2022 walipitisha sheria iliyotenga dola bilioni 1.5 kwa ajili ya miti ya mijini, na Septemba 2023 Idara ya Misitu ya Marekani ikatangaza ruzuku za zaidi ya dola bilioni moja kwa mamia ya miradi. Miji ikachangamkia. Halafu Januari 2025 utawala mpya ukasimamisha fedha za sheria ile siku ya kwanza tu ofisini, na mwezi uliofuata shirika la Arbor Day Foundation, moja ya makubwa kabisa kwenye mambo ya miti, likaambiwa ruzuku yake ya dola milioni 75 imekatishwa. Vikundi vidogo vilivyokuwa vikiitegemea vikabaki vinashangaa. Tuliozoea wafadhili wanaobadilisha vipaumbele katikati ya mradi tulishaiona sinema hiyo, ila sikutegemea kuitazama nikiwa huku.

Mji wetu ukaanza kubisha hodi jimboni na kwenye mifuko ya watu binafsi. Wakati huohuo, na hili ndilo lililonigusa, lori la maji liliendelea kupita. Miti iliyokwisha pandwa ina mifuko ya kijani inayofungwa kwa zipu kuzunguka shina, kila mmoja unabeba lita 75 hivi na kuzivujisha taratibu kwa saa kadhaa. Kijana anashuka na mpira, anajaza, anagusa gome, anaandika kitu kwenye kishikwambi, anapanda lori. Mshahara wake uko kwenye bajeti ya mji, hauko kwenye ruzuku. Mfadhili akinuna, mti unakunywa.

Msinione nasifia tu. Mitaa ya huku haikupewa kivuli sawa. Utafiti wa 2020 kwenye miji 108 ya Marekani ulionyesha kwamba maeneo ambayo miaka ya 1930 yalitiwa wino mwekundu kwenye ramani za mikopo ya nyumba, yaani ni hatari kukopesha huko, mengi yakiwa ya watu Weusi, leo yana joto kuzidi majirani zao kwa wastani wa nyuzi 2.6. Tunakokaa sisi, na Wasomali, na Wanepali, ni lami na maegesho, mwezi wa saba kiatu kinanata. Na ukiwapelekea watu miti bila kuwauliza, wanaikataa. Detroit, kati ya 2011 na 2014, karibu robo ya wakazi waliostahili kupandiwa mti bure mbele ya nyumba zao walisema hapana. Watafiti walipowafuata, walikuta watu hawauchukii mti. Walikuwa wameona mji ukitelekeza miti mingine, na walijua mzigo wa majani, mizizi na matawi yaliyovunjika ungewaangukia wao. Tena hakuna aliyewauliza wanataka mti gani. Hilo halihitaji tafsiri kwa mtu yeyote aliyewahi kupelekewa mradi kijijini.

Sasa nyumbani.

Dodoma tumejitahidi, nisiseme uongo. Desemba 2017 Mama Samia, wakati ule Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani, serikali ikiwa imeshaanza kuhamia. Kila halmashauri nchini ina agizo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Ukizidisha kwa halmashauri 184 unapata milioni 276. Namba nzuri sana kusoma jukwaani. Lakini kinachopigiwa makofi ni miche iliyoingia ardhini. Namba ya iliyobaki hai Novemba, baada ya kiangazi, haina mgeni rasmi.

Na kiangazi cha Dodoma hakina utani. Mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni Aprili 1. Kwa Bukoba ni sawa, kwa Dar ni sawa, masika ndiyo yanachanganya. Kwa Dodoma unaupanda mche wiki chache kabla mbingu hazijafungwa miezi saba. Kuna barabara karibu na kwa mama ambapo ukipita utaona kibao chenye jina la kiongozi aliyepanda, kimeandikwa kwa rangi ya mafuta, kimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Mti haupo. Mbuzi wamepita, jua limemalizia. Mita chache kutoka hapo kuna mkwaju alioupanda jirani yetu, mama wa makamo anayeuza maandazi. Alichukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, akatoboa kizibo kwa msumari, akaichomeka kichwa chini kando ya shina, na kuuzungushia mche miiba. Maji yenyewe ya mgao. Mkwaju ule sasa unatoa kivuli kinachotosha bodaboda wanne. Hakuna ripoti yoyote yenye jina lake, ilhali chupa yake na mfuko wa zipu wa Ohio vinafanya kazi ileile.

Halafu kuna jambo linaloniudhi zaidi, la greda. Viwanja vikipimwa na mtu akapata chake, cha kwanza analeta greda au vijana wenye mashoka. Mgunga chini, mkwaju chini, vichaka vyote chini, kiwanja kinabaki chekundu kama uwanja wa mpira. Kisha tajiri anakwenda kitaluni kununua miashoki ya kupanga kando ya ukuta, mti wa kutoka India na Sri Lanka. Wenye moyo wa huruma wananunua muarobaini, nao wa India. Sina ugomvi na muarobaini, unavumilia ukame na umetusitiri vya kutosha. Lakini angalia mzunguko wetu: tunaangusha miti ya asili iliyokwisha shinda ukame bila kuombwa na mtu, halafu tunaandika andiko la kuomba fedha za kupanda miti ya asili.

Wakati elimu ya kufanya vinginevyo iko kwetu. Shinyanga, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 ulirudi kwenye ngitili za Wasukuma, maeneo ya malisho yanayofungwa msimu wa mvua, ukawaachia wenyeji waziongoze kwa taratibu zao. Zilizokuwa hekta 600 hivi zikapita 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2002 mradi ukapewa tuzo ya kimataifa ya Equator. Sehemu kubwa ya miti ile haikupandwa, iliachwa iote. Dodoma yenyewe, vijijini, shirika la LEAD Foundation linafundisha kisiki hai: unachagua machipukizi yenye nguvu kwenye kisiki kilichokatwa, unapogoa mengine, unafunga kitambaa iwe alama, unalinda. Mizizi iko chini tayari, imeshafika kwenye unyevu, kwa hiyo haidai maji ya mtu. Mche wa kitaluni hauwezi kushindana na hilo, hata uwe umepandwa na nani.

Kwa hiyo jiji la Dodoma likiandika andiko la ruzuku, na lisione haya kuandika maana wenye dola nao wanaandika, ningependa hela ya miche iwe ya mwisho kwenye orodha. Iombwe ya kuhesabu na kuweka alama miti iliyosimama kabla greda halijaingia kwenye viwanja vipya. Iombwe mishahara ya vijana wa mtaa kumwagilia kiangazi mbili mfululizo, na ya uzio. Mfadhili akubali kutoa awamu ya pili baada ya kuhesabu miti hai. Ohio wana kanuni kali zaidi, ruzuku nyingi mji unatumia hela yake kwanza ndipo unarudishiwa; hiyo tusiige, halmashauri zetu zitakwama mlangoni. Ila kuna moja tuige kesho: saa za watu wanaojitolea huandikwa na kuhesabiwa kama mchango wa mji. Sisi tuna msaragambo tangu enzi na enzi, na haujawahi kuingia kwenye bajeti kama mchango wa mtu yeyote.

Najua jibu litakalokuja: "Wewe uko Marekani, rudi upande mwenyewe." Sawa. Mdogo wangu anajenga kwenye kiwanja chetu upande wa Nala, na msimu huu alinipigia greda likiwa njiani. Kiwanjani kuna mikwaju miwili na mgunga mkubwa katikati, pale ambapo ramani ilitaka sebule. Tulibishana kwa simu jioni nzima. Fundi akaigeuza ramani, nyumba ikasogea nyuma, na dereva wa greda akalipwa nusu kwa kazi ya nusu. Mdogo wangu bado analalamika kwamba baraza sasa inatazama jua la jioni, na gharama ya kuongeza bati anadai ni yangu. Nimemwambia anitumie vipimo.