Kadi ya 10G Kigoma: Kerneli Iachwe au Ipitwe?

Seva nyingi za watoa huduma wadogo wa intaneti, kama wa Kigoma, huanza na kadi ya mtandao iliyokwishatumika yenye chipu ya Intel 82599, inayouzwa kwa jina la X520. Ina poti mbili za 10G (gigabiti 10 kwa sekunde kila moja), bei inavumilika, na draiva yake, ixgbe, imo tangu zamani ndani ya kerneli, sehemu ya Linux inayosimamia vifaa na kumbukumbu. Ubishi huanza kadi ikishawaka: pakiti zipite kwenye kerneli, au kadi ipokonywe kerneli na kukabidhiwa DPDK, maktaba inayoiwezesha programu kuishika kadi moja kwa moja?

Watu wa DPDK wana hesabu upande wao. Pakiti ndogo kabisa ya Etherneti ni baiti 64. Ongeza baiti 20 za utangulizi na mwanya kati ya pakiti, waya wa 10G utapitisha pakiti milioni 14.88 kwa sekunde, yaani nanosekunde 67.2 kwa kila moja. Katika muda huo kerneli itafute kumbukumbu, itengeneze sk_buff (rekodi yake ya pakiti), iipitishe ngazi zote kisha iiachie. Kiini kimoja cha prosesa hakiwezi. DPDK hutenga bafa zote (vipande vya kumbukumbu vya kupokelea pakiti) kabla trafiki haijaanza, tena kwenye kurasa za MB 2 au GB 1. Ukurasa mmoja wa MB 2 unashika nafasi ya kurasa 512 za KB 4, hivyo prosesa hupoteza muda mchache zaidi kutafsiri anwani za kumbukumbu.

Hesabu ya Kigoma ni nyingine. Anayepitisha gigabiti 2 kwa sekunde, pakiti zikiwa na wastani wa baiti 800, ana pakiti kama 305,000 tu kwa sekunde. Kerneli inazimudu, hasa foleni zikigawanywa kwenye viini vinne. Kuleta DPDK hapo ni kukodi lori la tani 30 kubeba debe la mawese. Tena kiini kinachoendesha DPDK huizungukia kadi muda wote, asilimia 100, hata saa nane usiku pasipo pakiti. Kwa anayelisha seva kwa betri au jenereta, hilo si jambo dogo.

Kerneli nayo haikulala. Ixgbe hukata ukurasa wa KB 4 nusu mbili: nusu moja inapokea, nyingine inasubiri zamu, na ukurasa uliokwisha kusajiliwa kwa DMA (kadi kuandika kwenye kumbukumbu yenyewe) hautafutwi upya. XDP, inayoamua hatima ya pakiti ndani ya draiva kabla ya sk_buff, iliingia kerneli 4.8 mwaka 2016; AF_XDP, inayozipeleka pakiti hizo moja kwa moja kwa programu, ikafuata kwenye 4.18 mwaka 2018. Lakini ujanja wa nusu ukurasa una kikomo: programu ikichelewa kusoma, ukurasa unabaki umeshikwa na draiva inalazimika kuomba mwingine. Ndiyo maana seva iliyofaulu majaribio huanza kusuasua siku ya mzigo.

Wengi hukimbilia kukuza foleni kwa amri ya ethtool -G. Bafa 512 zikijaa pakiti ndogo hudumu mikrosekunde 34. Bafa 4096 hudumu 275. Inasaidia mafuriko ya ghafla, ila haiponyi kiini kilichoelemewa.

DPDK inatesa zaidi kwenye kuoana na vifaa. Kadi ya Intel ikifungwa kwenye vfio-pci, draiva inayoikabidhi kwa programu, hutoweka kwenye orodha ya ip link na tcpdump, chombo cha kunasa pakiti, haiioni tena. IOMMU, mlinzi wa kumbukumbu ambayo kadi inaruhusiwa kuigusa, lazima iwashwe kwenye BIOS, kisha intel_iommu=on iommu=pt kwenye mstari wa kuwashia mashine. Mazabodi za zamani huweka kadi kundi moja la IOMMU na vifaa vingine, na kundi haligawanyiki. Kuna njia ya kukwepa IOMMU, lakini hapo kadi inaweza kuandika popote kwenye kumbukumbu, na programu yenye kosa itaangusha mashine nzima. Kadi za Mellanox za ConnectX-4 na zinazofuata, zinazotumia draiva ya mlx5, ni tofauti: kerneli inaendelea kuishika kadi huku DPDK ikifanya kazi.

Kumbukumbu nayo hubadilika sura. Bwawa la bafa 65,536 hula takriban MB 150. Kurasa za GB 1 ziombwe wakati wa kuwasha, maana baadaye kumbukumbu imeshakatikakatika. Programu isiporudisha bafa, bwawa hukauka, kihesabu cha rx_nombuf (pakiti zilizokosa bafa) hupanda, na poti inanyamaza huku taa yake ikiwaka kijani.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni kulinganisha kasi kabla ya kukagua sloti. Sloti yenye umbo la x8 (njia nane za data) huenda ina nyaya za x4. X520 ni ya PCIe 2.0, na x4 hutoa gigabiti 16 kabla ya makato mengine, ilhali poti mbili zinataka 20. Tazama LnkSta, hali halisi ya kiungo, kwenye lspci -vv.

Kisha moduli za SFP+, zinazochomekwa kwenye poti ili kuunga waya. Ixgbe hukataa zisizo za Intel mpaka uandike options ixgbe allow_unsupported_sfp=1 kwenye /etc/modprobe.d, ujenge upya initramfs na kuwasha tena. Draiva ya DPDK huzikubali bila kuulizwa, basi moduli ile ile "inafufuka" na sifa zote zinaiendea DPDK. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ya kati ni kilomita 1,250 hivi, kwa hiyo nunua moduli inayotambulika pamoja na kadi, na ya akiba moja.

Mimi ningebaki na kerneli, na mashambulizi ya pakiti ndogo ningeyaachia XDP iyatupe mlangoni. Ningehama pale tu ambapo ethtool -S inaonyesha rx_missed_errors (pakiti zilizopotea kwenye kadi) ikipanda, alloc_rx_page_failed (kurasa zilizokosekana) ikiwa sifuri, sloti iko sawa, na viini vyote vimeshajaa.